OAG ndogo ya ZWO kwenye darubini ndefu: kifaa ni kizuri, milimita ndizo zinazowaangusha watu

Lalamiko dhidi ya OAG ndogo (off-axis guider) ya kampuni ya ZWO huwa ni lile lile: haioni nyota. Skrini ya PHD2, programu inayofuata nyota kupitia kamera ya kuongozea na kuirekebisha darubini isiache shabaha, ni kijivu tupu, mwenye darubini anaongeza muda wa picha hadi sekunde 10, bado kijivu, na kesho yake kifaa kinatangazwa kuuzwa kama mtumba. Mara nyingi kifaa hakina kosa lolote. Kilichokosewa ni milimita chache kati ya prizimu na sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), milimita ambazo zilitakiwa kupigiwa hesabu mezani kabla ya skrubu ya kwanza kufungwa.

Kwa asiyekijua, ni pete nene ya alumini inayokaa kati ya darubini na kamera. Ndani yake kuna prizimu iliyoshikwa kwenye ncha ya shina. Prizimu hiyo huchungulia ukingoni mwa mwanga, sehemu ambayo sensa ya kamera kuu haiitumii, na kuupindisha mwanga huo nyuzi 90 kwenda kwenye kamera ya kuongozea iliyosimama ubavuni. Kamera zote mbili zinatazama kupitia darubini moja. Kwenye darubini za aina ya Schmidt-Cassegrain hiyo si anasa. Kioo kikuu cha darubini hizo husogea kidogo kadiri bomba linavyobadili mwelekeo, na darubini ndogo ya kuongozea iliyofungwa mgongoni haiwezi kuliona sogeo hilo. Grafu ya PHD2 itakuwa safi kabisa, na nyota kwenye picha ya dakika 5 zitatoka zimerefuka.

Mfano tutakaoushika hapa ni huu: Celestron EdgeHD 8 yenye riduza yake ya 0.7 (lenzi inayofupisha urefu wa fokasi), kwa hiyo urefu wa fokasi ni mm 1422 na uwiano wake kwa kipenyo cha darubini ni f/7. Kamera kuu ASI2600MM Pro yenye sensa ya mm 23.5 kwa 15.7, gurudumu la filta la ZWO la filta 7 za mm 36, na kamera ya kuongozea ASI290MM Mini. Mwenye darubini nyingine atabadilisha tarakimu tu, hesabu ni hiyo hiyo.

OAG ndogo ina unene wa mm 16.5 na prizimu ya mm 8 kwa 8. Upande wa kamera una hesi dume ya M42 (kipenyo cha mm 42). Upande wa darubini hutegemea sahani ya mbele uliyopewa, M42 au M48, na hilo linahitaji kuangaliwa kabla ya kulipia. Umbo ni safi, hesi zinaingia bila kukwaruza, na skrubu zinazobana shina la prizimu zinashika vizuri. Udhaifu wake ni tundu la kamera ya kuongozea. Kamera ikisukumwa na kubanwa kwa skrubu tu, huwezi kuisogeza kidogo kidogo bila kuipindisha. Nunua fokasa ya hesi ya inchi 1.25 (mrija unaosogeza kamera kidogo kidogo kwa kuzungushwa) pamoja na kifaa. Bila hiyo, kifaa hiki ni nusu.

Sasa milimita. EdgeHD 8 ikiwa na riduza hutaka sensa ikae mm 105 nyuma ya bega la riduza. (Bila riduza ni mm 133.35, na EdgeHD kubwa zaidi hutaka mm 146.05, ziwe na riduza zao au zisiwe nazo. Usichanganye; watu wamefunga mm 146 kwenye ya inchi 8 yenye riduza, kisha wakashangaa nyota za pembeni kuwa kama mikia.) Anza kujumlisha kutoka kwenye sensa ukielekea mbele: kamera mm 17.5, gurudumu mm 20, OAG mm 16.5. Jumla mm 54. Filta yenye unene wa mm 2 husukuma fokasi nyuma kwa takriban theluthi moja ya unene wake, yaani mm 0.67, kwa hiyo urefu halisi wa vyuma unatakiwa kuwa mm 105.67. Toa 54, zinabaki mm 51.67 za kujaza kati ya riduza na OAG. Adapta ya kawaida ya T ya Celestron kwa darubini za aina hii ina urefu wa takriban mm 50. Ongeza pete ya mm 1 na ya mm 0.5, na sehemu iliyobaki si ya kukukosesha usingizi kwa f/7. Pima kila kipande kwa vernia kalipa, na hesi dume usiihesabu: inazama ndani ya mwenzake. Pete zilizoandikwa tarakimu fulani si lazima ziwe nayo.

Hadi hapo kamera kuu imeridhika. Wengi huishia hapo, na ndipo giza la PHD2 linapoanzia, kwa sababu kuna umbali wa pili unaotakiwa kuwa sawa: kutoka kwenye prizimu hadi sensa kuu, na kutoka kwenye prizimu hadi sensa ya kuongozea. Mwanga unaoingia kwenye prizimu ni ule ule unaokwenda kukutana kwenye sensa kuu. Ukipindishwa ubavuni, utakutana mbali vile vile, si zaidi wala pungufu.

Chukua katikati ya prizimu kuwa takriban katikati ya unene wa OAG. Kutoka hapo hadi sensa kuu ni mm 8.25 za OAG, jumlisha 20 za gurudumu, jumlisha 17.5 za kamera: mm 45.75. Toa mm 0.67 za filta, kwa sababu filta iko nyuma ya prizimu na kamera ya kuongozea haipiti hapo. Inabaki takriban mm 45. Kwenye kamera za ZWO za umbo la Mini sensa iko mm 8.5 nyuma ya ukingo wa mbele. Kwa hiyo ukingo wa mbele wa ASI290MM Mini unatakiwa kusimama takriban mm 36.5 kutoka katikati ya prizimu. Shina na fokasa vinaingia ndani ya nafasi hiyo. Ndiyo maana muunganiko wenye gurudumu la filta hufanya kazi karibu bila jitihada.

Mwenye kamera ya rangi, asiye na gurudumu, ndiye anayeumia. Tuseme ana lenzi ya kunyoosha uwanja inayotaka mm 55 za kawaida, na ana vitu vitatu mkononi: kamera ya mm 17.5, pete ya mm 21 na OAG ya mm 16.5. Jumla ni 55 kamili, lakini mpangilio una maana. Akifunga OAG moja kwa moja kwenye kamera na kuweka pete ya mm 21 mbele, kutoka kwenye prizimu hadi sensa ni mm 25.75 tu. Toa 8.5 za kamera ya kuongozea, zinabaki mm 17.25 za kupitisha shina, mwili wa pete na fokasa. Haiwezekani, kamera itagonga chuma kabla ya kufika. Akiihamisha pete ile ile na kuiweka kati ya OAG na kamera, umbali unakuwa mm 46.75 na kila kitu kinafika. Jumla haikubadilika hata kidogo, na kamera kuu haitajua kama kuna kilichohamishwa.

Kosa la umbali huu huficha nyota kabisa. Kwa f/7, kukosea kwa mm 1 kunaitandaza nyota kuwa duara la mm 0.14, ambalo kwa pikseli za ASI290 za mikromita 2.9 ni karibu pikseli 49. Kosea mm 5 na duara linakuwa na upana wa karibu pikseli 250. Nyota angavu itakuwa ukungu, na zile hafifu, ambazo ndizo utakazokuwa nazo kwa kawaida, zitayeyuka kwenye kelele za sensa. Kwa hiyo "haioni nyota" na "haijafika kwenye fokasi" ni tatizo moja.

Je, basi usogeze OAG mbele kabisa ili kupata nafasi ya kutosha? Hapana, na hapa prizimu ya mm 8 inaonyesha mpaka wake. Mwanga wa nyota moja unakuja kama koni inayopungua kuelekea kwenye sensa. Ukiwa mm 45 kutoka kwenye sensa, koni ya f/7 ina kipenyo cha mm 6.4. Prizimu ya mm 8 inaimeza yote, lakini imebakiwa na mm 1.6 tu za eneo linaloangazwa kikamilifu. Nje ya hapo nyota zinapungua mwanga polepole. Sensa ya ASI290 ni mm 5.6 kwa 3.2, kwa hiyo pembe zake zitakuwa na giza kiasi. Inavumilika. Sogeza OAG hadi mm 80 kutoka kwenye sensa, koni inakuwa mm 11.4, prizimu inaikata, na kamera yako ya kuongozea inafanya kazi kama iko kwenye f/10. Umelipia kipenyo cha darubini kisha ukakifunika. Kwa hiyo pete za kujaza zikae upande wa darubini, isipokuwa kiasi kile kinachohitajika ili kamera ya kuongozea ifike.

Hapo ndipo OAG-L, OAG kubwa ya ZWO, inapojilipia. Ina unene wa mm 17.5 na prizimu ya mm 12 kwa 12. Kwa mfano wetu eneo linaloangazwa kikamilifu linakuwa mm 5.6 badala ya 1.6, na kamera kama ASI174MM Mini, yenye sensa ya mm 11.3 kwa 7.1, inaanza kuwa na maana. Kwa mm 1422, ASI290 inaona anga la dakika za tao 13.5 kwa 7.7 (dakika 60 za tao ni nyuzi moja), ASI174 inaona 27 kwa 17. Ukielekeza darubini kwenye galaksi za majira ambayo Njia Nyeupe imelala chini karibu na upeo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kuna nyota ya kuongozea au hakuna. OAG ya Celestron nayo ina prizimu kubwa ya mm 12.5 na adapta nyingi ndani ya boksi, lakini mwili wake ni mnene zaidi, na kwenye mm 105 kila milimita ina mwenyewe. Kwenye EdgeHD 8 bila riduza, kwa f/10 na mm 133.35, inakaa bila kubanana na chochote.

Maoni yetu hayana kona: kwa f/7 kwenda juu na sensa ya ukubwa huu, OAG ndogo inatosha kwa mwenye ASI290MM Mini au ASI220MM Mini. Kwa f/5, au kwa sensa ya mm 36 kwa 24, nunua OAG-L na usibishane na jiometria.

Kuingiza prizimu nako kuna tarakimu yake. Prizimu ikae juu ya upande mrefu wa sensa, kwa kuwa huo ndio ukingo ulio karibu na mhimili: mm 7.85 kwa sensa yetu, dhidi ya mm 11.75 upande mfupi. Ongeza nusu ya koni, mm 3.2. Ukingo wa chini wa prizimu uwe mm 11 kutoka katikati ya tundu, na katikati yake iwe mm 15. Ukiiweka kwenye upande mfupi, katikati ya prizimu inaenda mm 19, karibu na ukuta wa hesi ya M42 ambako nyota zimeharibika na mwanga umekatika. Pima kwa vernia kalipa kutoka kwenye ukuta wa ndani wa pete hadi ukingo wa prizimu, bila kugusa kioo. Kumbuka pia kwamba ukiingiza shina ndani zaidi kwa mm 2, kamera ya kuongozea nayo imeshuka kwa mm 2 pamoja na prizimu kama imefungwa kwenye shina hilo. Kama fokasa imefungwa kwenye mwili wa OAG, njia ya mwanga imeongezeka kwa mm 2 na fokasi inabidi itafutwe upya.

Hesi hazisimami pale unapotaka. Ukikaza vipande vyote, prizimu inaweza kuangukia kona ya sensa badala ya ukingo mrefu. Mzunguko mmoja wa hesi ya M42 yenye hatua ya 0.75 ni mm 0.75, kwa hiyo robo mzunguko ni karibu mm 0.19. Pete nyembamba za mm 0.1 hadi 0.5 zinatosha kuuzungusha mwili hadi mahali pake. Pete hizi ni za kuagiza mbali, basi agiza seti nzima pamoja na kifaa; kungoja kifurushi cha pili kwa ajili ya pete ya nusu milimita ni adhabu.

Kufokasi kuna mpangilio mmoja tu. Kamera kuu kwanza, kwa kutumia fokasa ya darubini, na filta ya kawaida ikiwa mahali pake. Ikishatulia, usiguse tena fokasa hiyo. Kisha sogeza kamera ya kuongozea peke yake. Kazi ya awali inaweza kufanywa mchana kwa kutazama mnara au ukingo wa mlima ulio mbali sana: fokasi ya darubini itakuwa tofauti na ya usiku, lakini uhusiano wa sensa mbili hubaki ule ule, kwa sababu zote zinakula kutoka kwenye koni moja. Usiku, weka nyota angavu katikati ya kamera kuu, kisha isogeze kuelekea upande wa prizimu. Kwa mm 15 na urefu wa fokasi wa mm 1422 utaikuta dakika za tao 36 kutoka katikati, zaidi kidogo ya upana wa Mwezi. Ikiingia kwenye kamera ya kuongozea kama duara kubwa lenye tundu katikati, furahi: sasa unajua ni upande gani wa kusogeza.

Sogeza fokasa ya hesi na utazame duara. Likipungua kadiri unavyotoa nje, kisha hesi ikaisha kabla ya kufika, kamera ya kuongozea iko karibu mno na prizimu: ongeza pete fupi chini yake. Likipungua kadiri unavyoingiza ndani, kisha ukagonga chuma, kamera kuu ndiyo iliyo karibu mno na OAG. Hamisha pete ya mm 5 au 10 kutoka mbele ya OAG kwenda nyuma yake, jumla ibaki pale pale. Watu wengi hapa huongeza pete bila kuitoa upande wa pili, wakarekebisha kamera ya kuongozea na kuharibu pembe za picha kuu.

Nyota za kamera ya kuongozea hazitakuwa nzuri. Ziko pembeni mwa uwanja, na zitakuwa na mbawa kama ndege au umbo la yai. PHD2 hupata vitovu vya nyota hizo hata hivyo. Weka urefu wa fokasi wa 1422, unganisha pikseli 2 kwa 2 ili upate sekunde za tao 0.84 kwa pikseli badala ya 0.42, anza na picha za sekunde 2 hadi 4, na tengeneza maktaba ya picha za giza (zinazopigwa mwanga ukiwa umezibwa), maana pikseli moto moja, yaani inayong'aa bila kupata mwanga, kwenye uwanja wenye nyota chache huchaguliwa kwa urahisi. Kila ukizungusha kamera, fanya kalibresheni upya.

Filta iwe nyuma ya OAG siku zote. Filta ya H-alfa, inayopitisha utepe mwembamba tu wa mwanga mwekundu, ikiwekwa mbele yake inazifuta nyota za kuongozea. Vilevile nunua filta zote za unene mmoja. Ukibadili kutoka mm 2 kwenda mm 3, sensa kuu inadai fokasi mpya kwa tofauti ya mm 0.33, na ukiifuata kwa fokasa ya darubini, kamera ya kuongozea inavimba nyota kwa karibu pikseli 16. Itaendelea kuongoza, ila kwa nyota hafifu utaona grafu ikianza kurukaruka.

Baada ya yote hayo piga picha za flati (za uso wenye mwanga sawasawa) na uzinyooshe utofauti wa mwanga kwa nguvu. Kivuli laini katikati ya ukingo mrefu mmoja ni prizimu: ipandishe mm 1, kaza, piga tena. Kivuli hafifu sana kinachofutika kikamilifu kwa flati kinaweza kuachwa kama kinakupa nyota zaidi, mradi usiliguse shina hadi mwisho wa mradi huo. Mstari mkali wa mwanga ni kitu kingine, mara nyingi ukingo unaong'aa wa prizimu au mwanga unaopenya kwenye nafasi ya shina. Utepe mweusi kuzunguka nafasi hiyo hutatua cha pili. Waya wa USB wa kamera ya kuongozea ufungwe kwenye mwili wa kamera kuu, sentimita chache kutoka kwenye plagi. Ukining'inia, unaivuta kamera kwenye tundu lake, na nyota zitarefuka tena kama zilivyokuwa kwenye darubini ya mgongoni.